Kinachobaki Umeme Ukikatika

Mahurunga, katika bonde la chini la mto Ruvuma, mtu anaweza kuwa na majina mawili na yote yakawa ya kweli. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua na Wayao, mtoto huingia jandoni au unyagoni na jina alilopewa alipozaliwa, akatoka na jina jingine. La kwanza huachwa hukohuko. Kumwita kijana kwa jina la utotoni baada ya hapo ni kumvunjia heshima, na wakubwa watakukemea mbele za watu. Lakini mtoto yuleyule alipelekwa kliniki akiwa bado mchanga, akachanjwa, na jina lile la kwanza likaandikwa kwenye kadi yake na kwenye kitabu cha MTUHA, vile vitabu vikubwa vya mistari ambavyo zahanati zetu zimekuwa zikivijaza tangu miaka ya 1990. Akija tena na homa akiwa na miaka kumi na minne, atajitaja kwa jina la pili. Kwa mashine, huyu ni nani?

Muuguzi wa kijijini ana njia zake za kulijibu swali hilo. Atauliza mama yake nani, nyumba ipi, alizaliwa kabla au baada ya nani. Mashine haina shangazi wa kuinong'oneza. Inajua kilichoandikwa tu, kwa namna kilivyoandikwa. Kwa hiyo ile kazi ya kukichukua kitu kilicho hai ndani ya programu, kukilaza kwenye diski na kukiinua baadaye kikiwa kilekile, ambayo waandika programu wengi huiona kuwa ya pembeni, mimi naiona kuwa ndiyo sehemu ya programu inayoyagusa maisha ya watu kwa karibu kuliko nyingine yoyote.

Programu nyingi za leo zimejengwa kwa objekti. Fungua kitabu cha wajawazito: vile vichwa vya safu vilivyochapwa juu ya ukurasa, yaani jina, umri, mimba ya ngapi, tarehe ya hedhi ya mwisho, waandika programu wangeviita klasi, na mstari mmoja uliojazwa kwa ajili ya mama mmoja wangeuita objekti. Ila objekti ina jambo ambalo mstari wa wino hauna. Ina vitendo vyake. Ukiiuliza tarehe ya matarajio ya kujifungua, inakokotoa yenyewe. Ukiiongezea hudhurio jipya, inakagua kama limekaa sawa na yaliyotangulia. Inaishi katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambamo kila kitu kina anwani yake, na objekti moja huijua nyingine kwa kuishika anwani hiyo. Umeme ukikatika, anwani zote zinafutika. Kinachobaki ni kile kilichokwisha kuandikwa diskini, na diskini hakuna objekti hata moja. Kuna baiti zilizofuatana. Vitendo vimebaki kwenye programu, uhusiano umekatika, na mtu aliyekuwa ameketi mbele ya muuguzi amekuwa herufi na tarakimu zinazosubiri atakayezisoma.

Chukua mama aliyejifungua mapacha. Ndani ya programu zipo objekti tatu: mama, Kulwa na Doto. Mama anawashika watoto wote wawili, na kila mtoto anamshika mama. Programu inayohifadhi kwa pupa itamwandika mama. Itafika kwa Kulwa na kumwandika. Itakuta Kulwa ana mama, imwandike mama upya. Ndani ya mama huyo itamkuta Kulwa tena, na haitamaliza kamwe. Dawa ya tatizo hilo inajulikana siku nyingi. Objekti ikikutwa mara ya kwanza inaandikwa kamili na kupewa namba. Ikikutwa tena, inaandikwa namba yake tu. Wakati wa kurejesha, kila namba inageuzwa kuwa anwani mpya, na watu watatu wanarudi wakiwa watatu.

Programu inayozunguka bila mwisho hainitishi sana, kwa sababu inajitangaza: skrini inaganda, mtu anapiga simu kulalamika. Ninayoiogopa ni hitilafu iliyo kimya. Tuseme Kulwa alihifadhiwa asubuhi katika faili lake, na Doto jioni katika lake, kila mmoja na mama yake ndani. Mafaili yote mawili ni sahihi. Yakifunguliwa, watoto wanarudi salama, na kila mmoja anakuja na mama yake. Mama hao wawili wana jina moja, kijiji kimoja, kundi moja la damu, na historia moja ya uzazi. Kwa mashine ni watu wawili. Muuguzi akiandika jibu jipya la kipimo kwa huyu, yule anabaki na la zamani. Mwezi ujao daktari anamfungua Doto, anasoma kilichoandikwa kwa mama yake, na anaamua jambo kwa kufuata karatasi iliyokwisha kufa. Wamakonde wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Hitilafu hii, ndogo kiasi kwamba hakuna taa nyekundu itakayowaka, imewaondolea watoto wawili kile hasa kinachowafanya kuwa ndugu.

Ndiyo sababu mifumo mizuri haimtambui mtu kwa sifa zake. Jina linabadilika, makazi yanabadilika, hata tarehe ya kuzaliwa husahihishwa. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza VVU nchini mwetu hupewa kadi ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo) yenye namba ambayo ni yake peke yake. Katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na Wizara ya Afya, kila kituo na kila mtu aliyesajiliwa ana alama ya herufi na tarakimu 11 isiyo na maana yoyote, na kutokuwa na maana ndiko kunakoifaa. Alama isiyosema lolote kuhusu mtu haina sababu ya kubadilika mtu anapobadilika.

Mfano ulionifundisha zaidi umetoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana waliweka mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulifanya kazi, kisha wagonjwa wa VVU wakaongezeka mpaka ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari waliokuwa pia watu wa kompyuta, walifika Eldoret kutazama, na wakaondoka na wazo la kuanza upya. Wakishirikiana na wenzao walijenga OpenMRS, iliyoandikwa kwa lugha ya Java na kutolewa bure kwa yeyote, na mwanzoni mwa 2006 ikaanza kutumika palepale Eldoret. Leo imeenea nchi nyingi, Msumbiji ikiwamo.

Ukitazama jinsi OpenMRS inavyohifadhi watu, unaona kwamba waliibuni wakiwa wamewasikiliza wauguzi. Mtu amewekwa kwenye jedwali lake, na majina yake yamewekwa kwenye jedwali jingine, kwa sababu mtu mmoja anaruhusiwa kuwa nayo mengi. Moja hutiwa alama kuwa ndilo analopenda kuitwa. Kijana wa Mahurunga angeingia humo bila kupoteza chanjo zake za utotoni na bila kuaibishwa kwa jina aliloliacha jandoni. Kando ya tarehe ya kuzaliwa kuna nafasi ndogo ya kusema kama tarehe hiyo ni ya makadirio. Bibi asiyejua siku aliyozaliwa, ila anajua alikuwa msichana wakati wa jambo fulani, anaandikiwa mwaka, na pembeni yake inaandikwa kwamba mwaka huo umekisiwa. Nafasi hiyo ndogo naiheshimu sana. Bila hiyo, makisio ya karani yakishahifadhiwa na kurejeshwa mara tatu yanakuwa ukweli usiopingwa.

Hapo tunagusa uamuzi mgumu kuliko wote: kipi katika objekti kihifadhiwe na kipi kiachwe kife. Java ina neno maalumu ambalo mwandika programu huliweka mbele ya sehemu isiyopaswa kuhifadhiwa. Mengi ya kuachwa ni dhahiri. Ukurasa gani ulikuwa wazi, mtandao ulikuwa umeunganishwa au la, muuguzi alikuwa amefika wapi kwenye fomu. Umri nao huachwa, kwa kuwa unakokotolewa upya kutoka tarehe ya kuzaliwa; aliyeuhifadhi umri kama namba amehifadhi kitu kitakachokuwa uongo baada ya mwaka. Lakini yapo mengine ambayo mtu aliyeketi ofisini mbali na mto atayaona ya kupita, na mhudumu wa Mahurunga anajua siyo. Kwamba mama huyu aliletwa na mtumbwi. Kwamba mvua za masika zikinyesha mto unafurika na kumtenga na zahanati. Kwamba simu aliyotoa namba yake ni ya mjomba. Mambo hayo hayana safu kwenye ukurasa, na kisicho na safu hakihifadhiwi. Yanabaki kichwani mwa muuguzi mpaka siku anayohamishwa.

Kuna njia mbili za kuhifadhi, nami nina upande. Ya kwanza ni kuifungasha objekti nzima kama ilivyo, na umbo lake na majina ya klasi zake, kuwa baiti au maandishi, kisha siku moja kuifungua ikarudi vilevile. Java iliileta njia hii mwaka 1997 katika toleo la 1.1, na kwa mwandika programu ilikuwa raha tupu: mstari mmoja wa maagizo na kila kitu kimehifadhiwa. Ya pili ni kuitenganisha objekti kuwa maelezo madogomadogo yasiyotegemea programu: mtu huyu, tarehe hii, kipimo hiki, jibu hili. Hii ina kazi nyingi. Inabidi ukae ufikirie kila kitu kinakwenda safu ipi, na wakati wa kurejesha ukiunganishe tena kipande kwa kipande.

OpenMRS ilitumia zote mbili, na historia yake inaonyesha nini kinafuata. Habari za wagonjwa ziliwekwa kwa njia ya pili, mstari mmoja kwa kila jambo lililoonekana au kupimwa. Matoleo ya programu yamebadilika, klasi zimeandikwa upya, na vipimo vya miaka ya mwanzo bado vinasomeka. Maelekezo ya kutengenezea ripoti yaliwekwa kwa njia ya kwanza, yakafungashwa mazima katika jedwali moja. Klasi ikibadilishwa jina au ikihamishwa, furushi lililofungwa kwa umbo la zamani halifunguki tena, na aliyelifunga pengine hayupo kazini. Hakuna kilichoibwa wala kuungua. Baiti zote zipo, ila hakuna tena programu inayojua zilikuwa nini.

Hasara ya pili ni mbaya zaidi. Furushi la namna hiyo huja na jina la klasi inayotakiwa kujengwa, na programu inayolifungua hutii. Mtu mwenye nia mbaya akitengeneza furushi lake mwenyewe, akataja klasi ambazo kujengwa kwake tu kunaendesha amri kwenye seva, programu itampa seva nzima. Mwanzoni mwa 2019 ilitangazwa hadharani kwamba OpenMRS ilikuwa na tundu la aina hiyo, lililosajiliwa kwa namba CVE-2018-19276: ombi lililoandikwa kwa hila lingeweza kuendesha amri kwenye mashine bila aliyelituma hata kuingiza nywila. Marekebisho yalikuwa yameshatolewa. Lakini fikiria ni nini kilichokuwa nyuma ya mlango huo: majibu ya VVU ya watu ambao hawajawaambia hata wenzi wao. Mwaka uliotangulia, Mark Reinhold, msanifu mkuu wa Java katika kampuni ya Oracle, alikuwa amesema waziwazi kwamba kuiingiza njia ile mwaka 1997 kulikuwa kosa kubwa. Kwa maoni yangu urahisi ule ulilipwa na watu wasiojua kwamba umewahi kuwapo.

Namtetea yule anayechagua njia ndefu, na natamani wakuu wanaosaini mikataba ya mifumo wamtetee pia, kwa sababu ratiba ya mradi humkandamiza. Mfumo utaonyeshwa siku ya uzinduzi, na siku hiyo njia zote mbili zinafanana. Zinatofautiana baada ya miaka kumi.

Hata njia ndefu haina kinga dhidi ya ulimwengu wenyewe kubadilika. Mwaka 2015 Halmashauri ya Mji wa Nanyamba ilimegwa kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na kata kadhaa za mkoa wetu zikajikuta chini ya mamlaka mpya bila mtu hata mmoja kuhama nyumba. Katika DHIS2 vituo hupangwa kwa ngazi: kituo chini ya halmashauri, halmashauri chini ya mkoa. Ukikihamisha kituo na kukiweka chini ya halmashauri mpya, takwimu zake zote za nyuma zinahama nacho, na ukiomba ripoti ya mwaka 2012 unaonyeshwa hesabu za halmashauri ambayo mwaka huo haikuwapo. Hakuna namba iliyofutwa. Kilichopotea ni uhusiano wa wakati ule, kwa kuwa aliyeusanifu mfumo alihifadhi mahali kituo kilipo, hakuhifadhi mahali kilipokuwa. Ukanda wetu ungeweza kumwonya. Mwaka 1919 mkataba wa Versailles uliipa Ureno eneo la Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, lililokuwa chini ya Wajerumani. Watu walibaki wakilima mpunga uleule. Mpaka ndio uliohama.

DHIS2 ina nasaba ambayo huwa naifikiria. Inaongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake kwa miaka mingi. Na Oslo ndiko objekti zenyewe zilikozaliwa: Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza huko lugha ya Simula, ambayo kwa toleo lake la 1967 ndiyo iliyoleta klasi na objekti. Nygaard hakuishia hapo. Katika miaka ya 1970 alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali wa Norway, akishikilia kwamba mfanyakazi atakayeishi na mashine ana haki ya kushiriki kuamua itakavyokuwa. Mtu aliyefikiri kwa kina namna ya kuuweka ulimwengu ndani ya programu aliona mapema kwamba swali la nani anaamua nini kiwekwe haliwezi kuachiwa wenye programu peke yao. Watu wa Oslo waliojenga DHIS2 wametoka katika mkondo huo wa fikra, na ndiyo maana ninapodai kwamba mkunga wa Mahurunga awepo mezani safu zinapochaguliwa, najua sidai jambo geni.

Angekuwepo, jambo la kwanza kulitaja lingekuwa mto. Ng'ambo ni Msumbiji, na watu wa pande mbili ni ndugu, wanaoana, wanazikana. Panapo kivuko cha Kilambo mtu huvuka kwa biashara, kwa msiba, kwa kliniki. Machi 2021 wanamgambo waliposhambulia mji wa Palma huko Msumbiji, maelfu waliukimbia, na wengine wakaelekea Ruvuma. Anayekimbia usiku hachukui kadi. Anaweza kuwa na kifua kikuu akiwa katikati ya dozi, au ujauzito wa miezi minane wenye shinikizo la damu, na kumbukumbu zake zipo salama kabisa kwenye seva ya nchi nyingine, kwa Kireno.

Baiti zenyewe zinavuka mto kwa sekunde, mtandao ukiwapo na makubaliano yakiwapo kati ya serikali mbili. Tatizo ni kinachotakiwa kuwapo upande wa pili ili zisomeke. Katika OpenMRS jibu la kipimo lisilo la tarakimu kwa kawaida halihifadhiwi kwa maneno. Linahifadhiwa kwa namba inayoelekeza kwenye kamusi ya dhana, na kila dhana katika kamusi hiyo inaweza kupewa majina kwa lugha nyingi. Pande zote mbili zikitumia kamusi moja, namba ileile inaweza kusomeka kwa Kireno upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, na maana isipotee njiani. Hata makosa yanavuka kwa uaminifu. Jibu likisahihishwa, la kwanza halifutwi. Linawekewa alama kwamba limebatilishwa, na nani, lini, kwa sababu gani, na lile jipya linalielekea la zamani. Daktari asiyemjua aliyeandika anaweza kuona aliyeandika alibadili mawazo, na kwa nini.

Lakini jina la Kiswahili la dhana halijitokezi lenyewe. Lazima mtu aketi aliandike, dhana moja baada ya nyingine, na wanaoweza kuifanya kazi hiyo vizuri ni wale wanaosikia wagonjwa wakijieleza kila siku: mama anayesema mtoto amebadilika usiku, mzee anayesema mwili haumtaki chakula, msichana anayezunguka mbali kabla ya kutaja anachoumwa. Muuguzi anajua kila usemi kati ya hizo unaelekea dalili ipi, na pale ambapo unaweza kuelekea mbili anajua la kuuliza. Ujuzi huo bado haujahifadhiwa popote. Wizara, halmashauri na vyuo vyetu wangeweza kuanza nao mwaka huu, katika chumba chenye meza moja, wauguzi wa pande zote mbili za mto wakiwa wameketi na watu wa kamusi na waandika programu, na wakalipwa kwa siku zao kama wataalamu wengine wanavyolipwa.